MATEMBEZI KATIKA MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI
Wenyeji wanakataa nini hasa?

Wasomaji wengi walioko mashambani huujua mji wa Nairobi kwa majumba yake marefu tu, na wengine kwa foleni za magari na ofisi ambazo mtu huzungushwa kutoka dirisha moja hata jingine. Walakini anayetaka kuwajua watu wanaouendesha mji huo na apande basi liendalo Jogoo Road, aelekee upande wa jua lichomozako. Huko ndiko waliko makarani, mafundi wa magari, walinzi, wauguzi, makuli wa soko na akina mama wauzao mboga. Ndiko pia walikolelewa watoto wengi wa watu waliotoka kwetu mashambani na kwenda kutafuta kazi.

Mimi ni karani wa Serikali katika wilaya iliyo mbali na mji mkuu. Nalipopata likizo yangu ya mwaka, nalitumia siku tatu kuizunguka mitaa hiyo kwa miguu. Kwa muda mrefu nalikuwa nikisoma magazetini kwamba mitaa ya zamani itabomolewa ili majumba ya ghorofa yajengwe mahali pake, na kwamba wenyeji wanapinga. Baadhi ya wenzangu ofisini husema, "Watu wa ajabu hawa! Wanaletewa nyumba mpya nao wanazikataa." Basi nalitaka kuona kwa macho yangu wanakataa nini hasa.

MAJINA YENYE HABARI

Mgeni anayepita katika mitaa hii hana budi kuyaangalia majina yake, kwa kuwa kila jina lina habari ndani yake. Kariokor ni jina la jeshi la wapagazi, Carrier Corps, waliochukuliwa kwa maelfu katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, na wengi wao hawakurudi kwao. Soko la Burma, mahali pasifiwapo kwa nyama, lina jina la nchi ya mbali ambako askari wetu wa K.A.R. walipigana katika vita vya pili. Mtaa wa Ofafa uliitwa kwa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa mji aliyepigwa risasi mwaka 1953, na Mbotela kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha K.A.U. aliyeuawa mwaka 1952. Kisha kuna majina ya matumaini, kama Bahati na Maringo, na majina ya Biblia, Jerusalem na Jericho.

Nalisoma shule ya misheni, kwa hiyo nalipofika Jericho sikuweza kujizuia kuzikumbuka kuta zile zilizoanguka kwa sauti ya tarumbeta. Katika mji wa leo tarumbeta hazipigwi. Hubandikwa karatasi mlangoni.

Mwanzo wa yote ni reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899. Waliokuja pamoja nayo, na waliokuja nyuma yake, walijijengea vijiji vyao wenyewe: Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Nyumba zilikuwa za udongo na miti, wenyewe wakikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliotia akiba yao yote katika kuta zile. Baada ya vita vya kwanza wakubwa wa mji walitenga mahali pamoja pa Waafrika, ndipo Pumwani, na vile vijiji vingine vikavunjwa kimoja kimoja.

Kijiji cha Pangani hakikuvunjika upesi. Wenye nyumba walikataa kuhama, wakadai fidia, wakadai mahali pa kwenda, na miaka ikapita. Kijiji hicho kilibomolewa mwisho mwaka 1939, karibu miaka 20 baada ya kusemwa kwamba kitaondolewa. Wengine walihamia Pumwani, na wengine wakaingia katika nyumba mpya zilizojengwa na Baraza la Mji karibu na hapo, mahali panapoitwa Shauri Moyo. Wazee wa huko hueleza jina hilo hivi: kwenda au kutokwenda ni shauri la moyo wako. Mimi nadhani ni jina la watu walioachiwa kuchagua baada ya mambo makubwa kwisha kuamuliwa.

NYUMBA ZA KALOLENI

Kaloleni ni mtaa ulionipendeza kuliko yote. Ulijengwa kati ya mwaka 1945 na 1948, na husemwa kwamba mafundi wake wengi walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano. Kabla ya hapo mfanya kazi Mwafrika alifikiriwa kuwa mtu wa kupita tu, wa kupewa mahali pa kutandika kitanda, na mke na watoto wabaki mashambani. Kaloleni ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyojengwa kwa kufikiri kwamba mfanya kazi naye ana jamaa. Nyumba zake ni za mawe, fupi, zenye nafasi ya majani na miti mbele yake, na katikati kuna ukumbi wa mikutano.

Ukumbi huo ni wa kukumbukwa. Tarehe 23 Aprili 1950 vyama vya Waafrika na Wahindi vilikutana humo, na Makhan Singh na Fred Kubai wakasimama kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata wote wawili walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Baadaye wanasiasa wengi wa Kiafrika walifanya mikutano yao katika ukumbi ule, hata wakaaji wakauita Bunge lao.

Lakini sipendi kuwadanganya wasomaji kwa kusifu yaliyopita tu. Nalipopita, naliona pia uchakavu. Mabomba ya maji ni ya zamani, mitaro ya maji machafu hufurika, na katika bustani za watu vimejazwa vibanda vya mabati, kwa maana watoto walikua wakaoa na chumba hakikuongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha Nairobi ina watu karibu 119,000, na ile ya mwaka 2019 ilionyesha 4,397,073. Mtu ye yote aliye na akili ataona kwamba ardhi iliyo karibu hivi na katikati ya mji, yenye nyumba fupi za chumba kimoja na viwili, itatazamwa na wengi. Serikali ina haki ya kufikiri juu ya jambo hilo. Naona haifai kumsema vibaya kila afisa anayetaja neno ghorofa.

MUTHURWA NA KORTI

Nalirudi nyuma kidogo hata Muthurwa, kwenye landhi za watu wa reli, kwa kuwa kesi ya Muthurwa ndiyo inayotajwa na wakaaji wa mitaa yote. Landhi hizo zilijengwa na reli kwa ajili ya wafanya kazi wake. Mwaka 2006 mali hiyo, pamoja na mali nyingine za reli, ilipewa mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa reli, ili kutokana nayo wastaafu walipwe haki zao. Msomaji aitazame sana habari hii, maana hapa haupo upande mmoja wa wema na mwingine wa ubaya. Wastaafu walikuwa wazee waliotumikia reli maisha yao yote na kungoja pensheni kwa shida. Wapangaji nao wengi walikuwa watu wa reli, au wajane wao, au watoto wao. Ili mmoja alipwe, nyumba ya mwingine ilibidi iuzwe.

Katika Julai 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuhama. Walilalamika kwamba walikatiwa maji na kwamba ubomoaji ulianza na watu wangali wakikaa ndani. Wakaaji 12 walikwenda kortini kwa niaba yao na ya wenzao. Mwaka uliofuata korti ilitoa amri ya muda kuzuia watu wasifukuzwe. Katika Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu: jinsi walivyotendewa ilikuwa kinyume cha haki zao, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Hakuwafanya kuwa wenye nyumba. Aliagiza pande mbili zikae pamoja na kupatana juu ya utaratibu wa kuhama wenye heshima, akasikitika kwamba nchi ilikuwa haina sheria ya kuongoza mambo hayo. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016, ambapo sheria za ardhi zilirekebishwa na notisi ya miezi mitatu ikaandikwa wazi.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, niliyekaa naye Burma tukinywa supu, alinieleza kwa maneno machache. Nalimwuliza, "Mzee, wewe ulikuwa upande gani?" Akacheka. Akasema, "Mwanangu, mkono wa kulia nalidai pensheni, na mkono wa kushoto nalishika ufunguo wa nyumba. Ungeniambia niuachie upi?" Alisema kuwa hakuona vibaya landhi kuuzwa, ila mtu kuambiwa leo na kukatiwa maji kesho. "Hata ng'ombe," akasema, "ukimhamisha boma hutangulia kumwonyesha majani."

PANGANI KWA MARA YA PILI

Jina la Pangani, lililopigiwa kelele hata mwaka 1939, lilisikika tena miaka 80 baadaye. Safari hii zilikuwa nyumba 48 tu za kupangisha, mali ya Serikali ya Kaunti, na shauri lilikuwa kuzibomoa na kujenga nyumba 1,562 za ghorofa kwa ushirika na kampuni ya ujenzi. Wapangaji walipinga kwa muda, wakakutana na wakubwa mara nyingi. Mwishowe kila jamaa ililipwa shilingi 600,000, kiasi cha kodi ya miaka miwili, na wakaahidiwa kufikiriwa kwanza katika ununuzi wa nyumba mpya. Ujenzi ulianza mwaka 2020.

Tulinganishe. Wenye nyumba wa kijiji cha zamani hawakuulizwa sana. Wapangaji hawa walipewa fedha na ahadi. Hapana shaka hayo ni maendeleo. Lakini katika mitaa mingine nalikuta watu wakizitazama zile shilingi 600,000 kwa macho mawili. Jicho moja lasema: afadhali yao. Jicho jingine lauliza: miaka miwili ikiisha na jengo halijaisha, kodi italipwa na nani? Na kupewa nafasi ya kwanza ya kununua ni kitu gani kwa mtu asiye na fedha za kununua?

Maswali hayo yalizidi nguvu pale Serikali ya Kaunti na Serikali Kuu zilipotangaza nia ya kuijenga upya mitaa ya zamani kama Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani. Mikutano iliitishwa. Katika mikutano mingine wakaaji walisikiliza, na katika mingine walipiga kelele hata ikavunjika. Kuna waliokataa nyumba zao kuhesabiwa. Mkulima atayaelewa hayo mara moja, kwa maana hata kwetu mpimaji wa ardhi akitokea na mnyororo wake bila barua, watu huuliza kwanza ametumwa na nani, kabla ya kumwonyesha mpaka.

DAFTARI LA MAMA WA MARINGO

Nalipata jibu la swali langu Maringo, katika kibanda cha mama mmoja auzaye mandazi, sukari na mafuta ya taa. Nalimsalimu, nikanunua chai, nikamwuliza, "Mama, ninyi hamtaki nyumba nzuri?"

Akanitazama kama mtu amtazamaye mtoto. Kisha akatoa daftari chini ya meza. Lilikuwa daftari la madeni. Kila ukurasa ulikuwa na jina la jirani, na chini yake sukari nusu kilo, mkate, mafuta, tarehe, na alama ya mahali palipolipwa. "Baba yangu aliingia nyumba ile pale," alisema, "na mimi nikazaliwa humo. Hawa wote walioandikwa humu, najua mshahara wao hutoka lini, najua nani ana mgonjwa, najua nani hulipa akikumbushwa na nani hulipa bila kukumbushwa. Nao wananijua. Nalipofiwa na mume wangu, hawa ndio waliochanga hata maiti ikafika kwetu. Sasa niambie, bwana, tukitawanywa mmoja Kayole, mmoja Dandora, mmoja Githurai, daftari hili nitamdai nani?"

Nikasema, "Lakini mtarudishwa, mama."

Akasema, "Vema. Nipe karatasi. Iandikwe jina langu, namba ya nyumba nitakayorudia, kodi nitakayolipa, na mwezi nitakaorudi. Ukiniletea karatasi hiyo yenye muhuri, mimi mwenyewe nitashika nyundo."

Nalikaa kimya. Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi. Kila siku tunawaambia raia ofisini kwamba neno la mdomo si kitu, wakaandike, walete nakala mbili na picha. Mtu akija kudai haki yake bila karatasi twamrudisha. Basi haiwi haki kwamba sisi tumtakapo raia ahame, yeye ndiye aridhike na neno la mdomo. Ahadi ni deni, na deni huandikwa. Mama yule ameandika hata nusu kilo ya sukari.

Kuanzia hapo nalifahamu kwamba wengi niliowaona hawakatai nyumba mpya. Wanakataa kutoka bila kujua watarudi. Wanakataa pia hesabu isiyowatosha. Kodi ya nyumba za Kaunti ni ndogo kuliko ya nyumba za watu binafsi, na kwa ajili hiyo mtu wa mshahara mdogo ameweza kukaa karibu na kazi yake na kusomesha watoto. Akipewa nyumba ya kununua kwa malipo ya kila mwezi yaliyo makubwa kuliko uwezo wake, ataikodisha kwa mwingine mwenye nacho, kisha yeye mwenyewe atarudi katika vibanda vya mabati. Hapo jengo litakuwa limesimama, na aliyejengewa atakuwa ameanguka.

Jambo hili latuhusu sote tulioajiriwa. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, naye mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mtu apataye shilingi 40,000 hukatwa 600 kila mwezi. Mimi nami hukatwa. Sinung'uniki, maana ujenzi hauwezi kuendeshwa bila fedha. Lakini kwa kuwa fedha ni zetu, tuna haki ya kuuliza kama zinamtoa mtu katika mabati au zinampeleka huko.

MASHAURI MACHACHE

Kabla ya kuiweka kalamu chini, napenda kuwaachia wasomaji mashauri niliyoyaokota katika matembezi hayo. Yatawafaa walioko mijini, na yatawafaa wakulima pia, kwa maana barabara, bwawa au kiwanda vyaweza kuhitaji shamba la mtu ye yote.

Kwanza, weka risiti zako. Mpangaji mwenye risiti za miaka 20 ana neno la kusema mbele ya hakimu, na asiyekuwa nazo ana machozi tu. Pili, nyumba ikiwa kwa jina la baba aliyekufa, nenda ofisini ukaulize habari za kuandikisha jina mapema, usingoje siku ya notisi. Tatu, hudhuria mikutano, na yatakayosemwa yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, mpewe nakala. Kupiga kelele kwapumzisha roho, bali kumbukumbu zilizotiwa sahihi hudumu. Nne, jihadharini na wanaokuja usiku kununua nafasi za watu kwa bei ndogo. Walio wengi hujuta. Tano, jiungeni pamoja. Wale 12 wa Muthurwa wasingesikiwa upesi kama kila mmoja angalikwenda peke yake kwa wakati wake.

Na kwa wenzangu makarani, tunaoandika notisi hizo na kuzipiga muhuri, nina neno moja. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Jengo jipya ni mgeni. Likija na mwenyeji akapona, litapokewa kwa ngoma, na hapana atakayehitaji askari wa kulilinda. Likija na mwenyeji akaangamia, hata likiwa la ghorofa ishirini, watu watalipita wakilitazama kwa uchungu, kama wazee wa Shauri Moyo walivyoitazama ardhi ya Pangani. Kwa hiyo tunapoandika tarehe ya kuhama, tuandike katika karatasi ile ile tarehe ya kurudi. Mistari miwili tu yatosha.